Kodi zote zinageuka meja: naomba msaada kuhusu efekti za MIDI

MpigaKinanda_Iringa

Habari za kazi, ndugu zangu. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya ya parokia, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiandaa kwenye kompyuta muziki wa kufanyia mazoezi, ambao waimbaji hutumiwa kwenye simu ili kila mmoja ajifunze sauti yake nyumbani. Chombo nilicho nacho ni kibodi ndogo ya USB yenye vibao 25, yaani oktava mbili na kibao kimoja cha nyongeza, na mikono miwili ikikutana hapo hubanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Ndiyo maana nilifurahi nilipogundua kwamba Ableton Live, programu ninayoitumia kutengenezea muziki, ina efekti za MIDI, na hasa ile iitwayo Chord, ambayo humwezesha mtu kubonyeza kibao kimoja akapata kodi nzima. (Kodi ninayoisema ni ya muziki, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja, ile nyingine tuiache kwa wenyewe.)

Wimbo wangu uko katika C. Kwenye Chord nimeweka +4 na +7, yaani noti mbili za nyongeza zilizo nusu toni nne na saba juu ya ninayobonyeza, kama nilivyoona katika video moja, na nikibonyeza C napata do, mi, so bila kasoro. F na G pia hazina tatizo. Lakini nikibonyeza D au A, kodi inayotoka ni meja, wakati wimbo unataka maina. Niligundua hivyo baada ya waimbaji wa sauti ya pili kulalamika kwamba wao wanaimba fa kama ilivyoandikwa, ilhali kinanda kinawapigia fa iliyopandishwa nusu toni. Nikaongeza efekti ya Scale, ile inayozirudisha noti kwenye ngazi uliyoichagua, nikachagua C meja, nikaiweka mwanzoni kabisa kabla ya Chord, na hakuna kilichobadilika.

Nina maswali mengine mawili. Kwanza, kodi zinazotoka zina ukavu fulani: kila moja inagongwa kama mhuri wa ofisini, noti zote kwa nguvu ileile. Pili, nikifungua nilichorekodi ili niwaoneshe wanakwaya noti zao, ninaona noti moja moja nilizobonyeza mwenyewe, wala si kodi niliyoisikia. Kodi zimekwenda wapi?

FundiMitambo

Ndugu yangu, Scale unayo tayari, ila umeiweka upande usiofaa. Nitaeleza sababu kwa urefu kidogo, kwa maana ukiielewa hii, maswali yako mengine yote yatajijibu.

MIDI haibebi sauti. Inachopeleka kwenye ala ni maagizo ya namba: kibao namba fulani kimebonyezwa, kimebonyezwa kwa nguvu kiasi fulani, kisha kimeachiwa. Namba za vibao huanzia 0 hadi 127, na C ya katikati ya piano ni 60. Kwa hiyo efekti ya MIDI ni karani wa kujumlisha na kutoa, anayekaa kati ya kidole chako na ala, na karani huyu hana sikio. Ukiiambia Chord +4 na +7, ukabonyeza 60, itatoa 60, 64 na 67, ambazo ni C, E na G. Ukibonyeza 62, ambayo ni D, itatoa 62, 66 na 69. Hiyo 66 ndiyo F iliyopandishwa, ndiyo waliyoilalamikia watu wako wa sauti ya pili. Chord haikukosea hesabu. Haijui tu kwamba wewe uko katika C, na haijui kwamba kutoka do hadi mi ni nusu toni nne wakati kutoka re hadi fa ni tatu.

Sasa kumbuka kwamba efekti hizi zinasomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na kila moja hupokea kilichotoka kwa jirani yake, si kilichotoka kidoleni mwako. Ulipoitanguliza Scale, iliichunguza D uliyobonyeza, ikaiona ni raia halali wa C meja, ikairuhusu kupita. Kisha Chord ikazalisha ile 66 nyuma ya mgongo wa askari. Ihamishe Scale iwe baada ya Chord na kabla ya ala yenyewe. Ile 66 itagota hapo na kushushwa kuwa 65, ambayo ni F, nawe utapata D, F, A.

Hilo neno kushushwa lina uzito. Fungua Scale utazame ule mraba wa visanduku 12 kwa 12: safu za wima ni noti zinazoingia, za mlalo ni zinazotoka. Hakikisha kila kibao cheusi kinapelekwa kwenye kibao cheupe kilicho chini yake. Chukua E: Chord inatoa 64, 68, 71. Ikiwa 68 inashuka kuwa 67, unapata E, G, B, yaani mi maina, kama inavyotakiwa. Ikiwa inapanda kuwa 69, unapata E, A, B, na hiyo si kodi ambayo mwalimu yeyote wa kwaya ataikubali. Hata B, ambayo ndiyo korofi kuliko zote, hutengemaa: 71, 75, 78 hugeuka kuwa 71, 74, 77, yaani ti, re, fa. Kwa +4, +7 na vibao vyeusi kushuka, kodi zote saba za C meja hutoka sahihi kwa kidole kimoja.

Mwalimu_Solfa

Maelezo ya FundiMitambo ni sahihi, ila ninaomba kuongeza tahadhari mbili, kwa kuwa nimefundisha kwaya miaka mingi na nimeona vijana wakifurahia kodi za kidole kimoja hadi wakasahau kwamba wimbo una sauti nne.

Tahadhari ya kwanza ni kwamba Scale haina simile. Nyimbo zetu nyingi zilizo katika A maina hutaka kodi ya E iwe meja pale inaporudi nyumbani kwenye A, na kodi hiyo inahitaji G iliyopandishwa, ambayo ndiyo namba 68. Ukiiacha Scale ikiwa na noti za C meja, ambazo ndizo noti za A maina ya asili, itaishusha kila mara kuwa G ya kawaida, na wimbo utakuwa unafika mlangoni bila kuingia ndani. Dawa yake ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: kwenye ule mraba, iruhusu 68 itoke kama ilivyoingia, na visanduku vingine usiviguse. Katika mpangilio wako wa +4 na +7, kibao cheupe pekee kinachozalisha noti hiyo ni E, kwa hiyo C itabaki C, E, G, na G itabaki G, B, D. Ni E tu itakayogeuka meja. Kasoro ni kwamba hutapata tena E maina katika wimbo huohuo, na ikiwa unazihitaji zote mbili, basi hakuna ujanja: izime Scale kwa mapigo yale yanayotaka E meja, au zipige noti hizo kwa mikono yako.

Tahadhari ya pili ni nzito zaidi. Kodi zinazozalishwa hivi hutembea kama askari wa gwaride: ukipanda hatua moja, noti zote tatu zinapanda hatua moja, ukishuka, zote zinashuka. Hiyo si namna sauti za watu zinavyokwenda. Kutoka C kwenda F, mwimbaji anayeshika do hana haja ya kusogea popote, kwa kuwa do imo katika kodi zote mbili; lakini Chord yako itamrusha juu pamoja na wenzake. Tena do na so zikisogea pamoja umbali uleule, utakuwa na zile tano sambamba ambazo wanafunzi wa hamonia hukatwa maksi kwa ajili yake. Punguza ubaya huo kwa kubadilisha +7 iwe −5, ili so ikae chini ya do badala ya juu ya mi. Scale itaendelea kufanya kazi yake vilevile, kwani B ikitoa 66 itashushwa kuwa 65. Katika baadhi ya mistari tumia mpangilio mmoja, katika mingine mwingine, kisha besi ipige peke yake kwa treki nyingine bila Chord.

Na kwa ajili ya mazoezi ya waimbaji, ushauri wangu ni kwamba kodi za kidole kimoja zitumike kutafutia wimbo tu. Ukishaupata, kaa chini uandike sauti nne.

FundiMitambo

Shikamoo mwalimu, na ahsante. Hilo la besi ninaliunga mkono kwa mikono miwili, na hata kwenye vibao 25 linawezekana kwa wakati mmoja. Efekti za MIDI zinaweza kuwekwa ndani ya raki, yaani kisanduku cha kukusanyia efekti, yenye njia mbili, na kila njia ikapewa eneo lake la vibao: oktava ya kushoto ipite moja kwa moja, ikishushwa nusu toni 12 kwa efekti ya Pitch, oktava ya kulia ipitie Chord kisha Scale. Kidole kimoja kushoto kinashika besi, kidole kimoja kulia kinashika kodi, na besi inaweza kubaki kwenye do wakati kodi za juu zinabadilika.

Sasa niende kwenye suala la mhuri wa ofisini. Nguvu ya mguso nayo ni namba, kuanzia 1 hadi 127, na Chord huipa kila noti iliyoiongeza nguvu ileile ya kidole chako usipoiambia vinginevyo. Chini ya kila noti ya nyongeza kuna asilimia: jaribu mi kwenye 85 na so kwenye 75, ili noti uliyoibonyeza mwenyewe isikike kidogo mbele ya wenzake. Kisha weka efekti ya Velocity, uipe bahatisho dogo, tuseme 10 au 12. Hapa tena mpangilio ndio mwenye kauli. Velocity ikitangulia Chord, kodi yote itapanda au kushuka nguvu kwa pamoja. Ikifuata Chord, kila noti itapata bahati yake. Mimi huiweka mwisho, kwa sababu vidole vya binadamu havikubaliani hata siku moja.

Kuhusu kurekodi, jibu ni kwamba kodi hazijapotea, bali hazikuwahi kuandikwa. Programu inarekodi kilichoingia kwenye treki, na efekti zinakifanyia kazi kinapotoka kuelekea kwenye ala. Ukitaka kodi ziandikwe, tenganisha: treki ya kwanza iwe na Chord, Scale na Velocity bila ala yoyote, treki ya pili iwe na ala, na mahali pa kuchagua chanzo cha MIDI uiambie ipokee kutoka treki ya kwanza. Rekodi kwenye ile ya pili. Utaziona noti zote tatu, na utaweza kusogeza moja moja kwa namna ambayo mwalimu ameeleza, ili do ikae mahali pake wakati F inaingia.

BitiZaUsiku

Mimi ninatumia FL Studio, programu nyingine ya kutengenezea muziki, na ninataka kusema kitu kuhusu ukavu wa kodi, kwa kuwa sidhani kwamba nguvu ya mguso peke yake inautibu. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba noti tatu zinaanza katika nukta ileile ya muda, jambo ambalo halitokei kwenye gitaa hata kidogo, na kwenye kinanda hutokea kwa nadra.

Katika FL Studio, ukiwa kwenye dirisha la noti, chagua kodi zako kisha bonyeza Alt na S. Litafunguka dirisha la kuziachanisha, ambapo unaamua noti ya chini itangulie kwa kiasi gani na nguvu zipungue vipi kuelekea juu. Alt na A huzivunja kodi ziwe noti za kufuatana, na Alt na R hubahatisha nguvu. Tofauti na efekti za ndugu hapo juu ni kwamba zana hizi zinaandika mabadiliko kwenye noti zenyewe mara moja tu, kwa hiyo unachokiona ndicho unachokisikia. Zile za Live zinafanya kazi wakati muziki unapita, na ukiziondoa noti zako zinabaki kama zilivyokuwa. Mimi huona njia ya kwanza ni bora kwa kumalizia kazi na ya pili kwa kutafuta wazo, ila nina jamaa wanaoapa kinyume chake.

Mwenye Live anayetaka zile noti za kufuatana za gitaa la dansi, aweke Arpeggiator baada ya Chord. Akiitanguliza, kila noti ya mfuatano itageuka kodi nzima, na atapata kelele ya magari matatu kwenye njia moja.

MpigaKinanda_Iringa

Ndugu zangu, nimerudi na shukrani pamoja na aibu kidogo.

Kuhamisha Scale kumeponya kila kitu, na watu wa sauti ya pili wameacha kunung'unika. Kurekodi kwenye treki ya pili pia kumefaulu. Jana usiku nikapata ujasiri, nikataka ubeti wa mwisho upande toni moja nzima, kama kwaya nyingi zinavyofanya ili kuamsha watu. Nikaweka efekti ya Pitch, +2, mwanzoni mwa mnyororo, na kwa kuwa nilikuwa na haraka, nikainakili kwenye treki zote.

Wimbo ni wa Pasaka. Ubeti wa mwisho ukaingia, na Aleluya ikasikika kama ya mazishini. Tena ngoma kubwa ilitoweka kabisa, na mahali pake snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, ikawa inapigwa kwenye kila pigo la kwanza. Nimeelewa kwamba kosa ni la mpangilio kwa mara nyingine, lakini hilo la ngoma limenishinda.

FundiMitambo

Pole, ingawa nimecheka. La Aleluya utakuwa umeshalibaini: Pitch iliigeuza C yako kuwa D, Chord ikajenga D meja, na Scale, ambayo bado inaamini mko katika C, ikaishusha ile 66 kuwa 65. Kodi yako ya nyumbani ikawa D maina. Weka Pitch baada ya Scale, ili kila kitu kikamilike katika C kwanza, kisha kipandishwe kwa pamoja.

Ama ngoma, kumbuka tena kwamba hizi ni namba tu. Katika mpangilio wa General MIDI, ambao seti nyingi za ngoma zinaufuata, 36 ni ngoma kubwa na 38 ni snea. Ongeza 2 kwenye 36 uone unafika wapi. Treki ya ngoma haina ufunguo wa kupandishwa. Iondolee Pitch kabisa.

MwanaUdi_Unguja

Nimefuata mjadala huu kwa makini ingawa sisi wa taarabu kodi hatuzihitaji sana, kwa maana fidla, kodiani, nai na ganuni hufuata wimbo mmoja, kila chombo kikiupamba kwa namna yake. Hata hivyo Chord ninaitumia kila siku, ila ninaipa +12 na −12 tu. Fidla moja ya kompyuta, ikiongezewa oktava ya juu na ya chini kwa nguvu ya asilimia 60, hukaribia safu ya fidla inayojibu mwimbaji.

Scale nayo inanifaa kwa Hijazi, mojawapo ya maqamu, yaani ngazi za muziki wa Kiarabu: kuanzia D, ninaruhusu D, E bemoli (iliyoshushwa nusu toni), F iliyopandishwa, G, A, B bemoli na C, na noti nyingine zote ninazipeleka kwa jirani. Lakini anayetaka maqamu ya Rasti au Bayati asipoteze usiku wake kwenye ule mraba. Noti ya tatu ya Rasti ya C hukaa kati ya E bemoli na E, na kwenye mraba wa visanduku 12 hapana chumba chake, kwa kuwa namba za vibao hazina nusu. Njia iliyopo ni kuikunja sauti: kikunjio cha MIDI kina hatua 16,384, katikati yake ni 8,192, na ala nyingi huanza zikiwa zimewekwa zikunje nusu toni mbili kila upande. Ukiiteremsha E hadi 6,144, itashuka robo toni. Ubaya wake ni kwamba kikunjio huvuta kila noti iliyo kwenye chaneli ileile ya MIDI, kwa hiyo noti ya kushikilia ya chini nayo itapinda. Ipe chaneli yake peke yake. Live 12 imeleta mifumo ya kupanga sauti za ngazi tofauti, nayo imenipunguzia kazi hiyo kwa ala zilizomo ndani yake.

MpigaKinanda_Iringa

Ahsanteni nyote. Pitch iko mwisho, ngoma imerudi, na Aleluya imefufuka. Mwalimu, sauti nne nimeanza kuziandika. Nimefika ubeti wa pili, na do ya teno haijasogea tangu mstari wa kwanza.